Mwongozo kamili: kupanga memori na saizi ya paketi kwenye draiva ya mtandao, hatua kwa hatua

Haipiti wiki bila mtu kuniandikia kwamba draiva yake ya kadi ya mtandao inapiga kazi vizuri kabisa na MTU (ukubwa wa juu wa paketi, kwa baiti) ya 1500, akapandisha mpaka 9000 ili mtandao uende kasi, siku ya kwanza raha mustarehe, siku ya tatu mtandao umekata na dmesg (orodha ya ujumbe wa mfumo) imejaa "page allocation failure". Kosa karibu kila mara ni lilelile. Mtu anachagua saizi ya bafa (eneo la memori la kupokelea paketi) kwa kuangalia paketi peke yake, wakati anayetoa memori ni keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, na keneli haipimi kwa paketi yako, inapima kwa peji, yaani vipande vya memori vya saizi moja.

Nitatumia kadi ya e1000 kwenye Linux. Sababu ni kwamba QEMU inaiigiza, kwa hiyo huna haja ya kununua kitu, halafu Intel waliweka wazi maelezo ya rejista zake zote. Hesabu zote hapa ni za x86 ya biti 64 ambako peji moja ni baiti 4096.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta yenye Linux na QEMU, RAM ya GB 8 inatosha sana.
- Mashine pepe yenye RAM ya MB 256 tu. Usiipe zaidi, tunataka memori ibane.
- Keneli uliyoikompaili mwenyewe ikiwa na CONFIG_FAULT_INJECTION, CONFIG_FAIL_PAGE_ALLOC na CONFIG_FAULT_INJECTION_DEBUG_FS. Bila hizi tatu hatua ya mwisho hutaiweza.
- ethtool, iproute2, ping na iperf3.
- Karatasi na kalamu, nasema kweli, hesabu za hatua ya 1 na 2 ziandike kwa mkono.
- Uwe umeshawahi kuandika moduli ndogo ya keneli kwa lugha ya C. Kama bado, anzia huko kwanza.

Mashine pepe naiwasha hivi:

```
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 256 -smp 2 \
  -drive file=maabara.img,format=raw,if=virtio \
  -netdev tap,id=n0,ifname=tap0,script=no,downscript=no \
  -device e1000,netdev=n0
```

Upande wa kompyuta mama pandisha `ip link set tap0 mtu 9000 up`, la sivyo paketi kubwa zitakufa kabla hazijafika kwako na utaanza kutafuta mdudu ambaye hayupo. Ndani ya mashine pepe toa draiva ya asili kwa `modprobe -r e1000` ili kadi ibaki huru kwa ajili ya draiva yako.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya fremu kabla hujagusa kodi

MTU siyo saizi ya fremu, yaani paketi pamoja na vifungashio vyake vya Ethernet. Kwenye MTU ya 1500 unaongeza heda ya Ethernet baiti 14, tegi ya VLAN (alama ya mtandao pepe) 4, na CRC (namba ya kukagua makosa) 4, jumla 1522. Kwenye MTU ya 9000 unapata 9022. Hizo ndo namba za kuandika.

Halafu andika kasi. Kwenye waya kila fremu inabeba baiti 20 za ziada, yaani utangulizi na pengo kati ya fremu moja na nyingine, kwa hiyo kwenye Gbps 1, bila tegi ya VLAN, hali iko hivi: paketi za MTU 1500 zinaingia kama 81,274 kwa sekunde, za MTU 9000 zinaingia kama 13,830, na fremu ndogo kabisa za baiti 64 zinafika 1,488,095 kwa sekunde. Watu wengi wanadhani paketi kubwa ndo mzigo, kumbe kwa prosesa mzigo ni paketi ndogo, kwa sababu gharama kubwa ni ya kila paketi, siyo ya kila baiti.

Angalia pia faida yenyewe ya kupandisha MTU. Kwa 1500, data halisi ya TCP ni 1460 kati ya 1538 zinazopita kwenye waya, kama asilimia 95. Kwa 9000 inafika asilimia 99. Kwa hiyo nafasi unayookoa kwenye waya ni ndogo tu, faida ya kweli ni prosesa kushughulika na paketi mara sita pungufu. Na sehemu kubwa ya faida hiyo GRO ya keneli inakupa bure, maana inaunganisha paketi za kawaida ziwe mzigo mmoja mkubwa kabla hazijapanda juu. Mimi kwa mtandao unaoelekea intaneti sigusi MTU kabisa, 9000 naiweka kwenye mtandao wa ndani wa seva za kuhifadhi data na pale tu ambapo swichi zote njiani naziendesha mwenyewe.

Ukimaliza hatua hii karatasi yako iwe na namba tatu: fremu kubwa kuliko zote, paketi kwa sekunde zikiwa ndogo, na paketi kwa sekunde zikiwa kubwa.

## Hatua ya 2: Ongeza vitu ambavyo kadi haivioni

Hapa ndo wengi wanapopotelea, tuende taratibu.

Bafa haibebi fremu peke yake. Mbele keneli inataka nafasi ya akiba ya heda, kwenye x86 ni baiti 64. Nyuma, kama unajenga skb (muundo ambao keneli inabebea paketi) juu ya bafa hiyohiyo, lazima ukae muundo unaoitwa skb_shared_info, ambao kwenye biti 64 kwa kawaida unakula baiti 320. Kwa MTU ya 1500: 64 + 1522 + 320 ni 1906. Inaingia kwenye 2048, na 2048 mbili zinaingia kwenye peji moja. Safi sana, hakuna kilichopotea cha kulilia.

Sasa fanya hivyohivyo kwa 9022. Kadi ya e1000 haikubali saizi yoyote unayotaka, inakubali 256, 512, 1024, 2048, 4096, 8192 na 16384 basi. 8192 haitoshi, kwa hiyo unaruka mpaka 16384. Umeomba 16384, ongeza 64 na 320, umevuka, na kmalloc (mgawaji wa memori wa keneli) kwa saizi hizi inapanda kwa kuzidisha mara mbili, kwa hiyo inakupa 32768. Paketi ya KB 9 imekula KB 32! Na siyo KB 32 za kuokotaokota, ni peji 8 zilizopangana mfululizo bila pengo, kitu ambacho keneli inaita oda ya 3.

Mashine ikiwa imewashwa sasa hivi peji 8 mfululizo zipo tele. Ikishakaa siku mbili, mafaili yamesomwa, programu zimefunguliwa na kufungwa, memori inakuwa kama daladala ya jioni, siti tupu zipo ila za kukaa watu wanane pamoja hakuna. Jionee mwenyewe:

```
cat /proc/buddyinfo
```

Safu ya kwanza ya namba ni vipande vya peji moja, ya pili vya peji mbili, ya tatu nne, ya nne nane. Kwenye mashine yangu ya majaribio baada ya kukompaili keneli humohumo ndani, safu ya kwanza inakuwa na mamia na ya nne inasoma 0 au 1. Na draiva inaomba memori ikiwa ndani ya kazi ya interapti (kadi inapoikatiza prosesa), kwa GFP_ATOMIC, maana yake hairuhusiwi kusubiri keneli ipange upya. Kipande kipo au hakipo, jibu ni papo hapo.

Kwa hiyo kanuni ninayoisimamia ni hii: kwenye njia ya kupokea usiombe zaidi ya peji moja kwa wakati mmoja. Oda ya 0 tu.

## Hatua ya 3: Chagua saizi ya bafa, namna mbili tu

MTU mpaka 1500. Nusu peji, baiti 2048. Kwenye rejista ya RCTL weka biti za 16 na 17 ziwe sifuri, biti ya 25 sifuri, na biti ya 5, ile LPE inayoruhusu fremu ndefu, iache imezimwa.

MTU juu ya 1500. Peji nzima, 4096. RCTL biti za 16 na 17 zote moja, biti ya 25 moja, LPE washa. Fremu ya 9022 itagawanywa kwenye deskripta tatu (deskripta ni rekodi inayoiambia kadi bafa moja iko wapi), na kadi itakuwekea alama ya EOP kwenye ile ya mwisho ili ujue fremu imeisha.

Tahadhari kubwa hapa, naomba usiiruke. Kuna watu wanawasha LPE huku bafa ni nusu peji na wameanza data kwenye baiti ya 64. Kadi ikishaambiwa bafa ni 2048 itaandika 2048 kamili, haijui habari za akiba yako ya mbele wala shared_info yako ya nyuma. Itapita juu ya shared_info na kumwaga baiti 64 kwenye nusu ya jirani, ambayo ni paketi ya mtu mwingine. Keneli haitaanguka pale pale, itaanguka dakika kumi baadaye mahali ambapo hapahusiani kabisa na draiva yako, na utatafuta mpaka uchoke. Ndo maana kwenye namna ya pili hatuweki akiba wala shared_info ndani ya peji: peji yote ni ya kadi, na skb tunaitengeneza pembeni.

## Hatua ya 4: Chagua urefu wa ringi

Ringi ni mduara wa deskripta, na kazi yake ni kukununulia muda wakati prosesa ina shughuli nyingine. Kwa hiyo ipime kwa muda, siyo kwa "kubwa ni nzuri".

Deskripta 256 kwenye Gbps 1: paketi za 1500 zinakupa kama milisekunde 3. Paketi za 9000 kila moja inakula tatu, kwa hiyo zinaingia 85 tu, kama milisekunde 6. Fremu za baiti 64 zinakupa mikrosekunde 172, haifiki hata robo milisekunde.

Memori nayo: 256 kwa peji nzima ni MB 1. Kwa ule mtindo wa KB 32 ingekuwa MB 8, na ukiongeza ringi mpaka 1024 ni MB 32 kwenye mashine ya MB 256, yaani umechukua moja ya nane ya mashine kwa ajili ya kusubiri paketi ambazo pengine haziji.

Anza na 256. Ongeza ukiona kaunta ya paketi zilizokosa bafa inapanda wakati prosesa bado ina nafasi. Prosesa ikiwa imejaa asilimia 100, ringi ndefu haikusaidii, inachelewesha tu kifo na kuongeza foleni. Kwa e1000 ringi iwe ya kugawanyika kwa 8, maana urefu wake kwa baiti lazima ugawanyike kwa 128 na kila deskripta ni baiti 16.

## Hatua ya 5: Jaza ringi

Tumia page_pool, ipo kwenye keneli tangu toleo la 4.18. Inakuhifadhia peji zilizotumika, inazirudisha bila kupita kwa mgawaji mkuu, na ukiweka PP_FLAG_DMA_MAP inafanya ramani ya DMA (ya kuiwezesha kadi kuandika moja kwa moja kwenye memori) mara moja badala ya kila paketi.

```c
struct page_pool_params pp = {
    .order     = 0,               /* peji moja, basi */
    .flags     = PP_FLAG_DMA_MAP | PP_FLAG_DMA_SYNC_DEV,
    .pool_size = 256,
    .nid       = NUMA_NO_NODE,
    .dev       = &pdev->dev,
    .dma_dir   = DMA_FROM_DEVICE,
    .max_len   = PAGE_SIZE,
};
```

Usijaze deskripta zote 256, jaza 255. Kwenye kadi hii kichwa na mkia vikilingana maana yake ni "ringi tupu", ukijaza zote vitalingana na kadi itakaa kimya huku umeipa bafa kibao. Na usiguse mkia kila unapoongeza bafa moja, kuandika rejista ya kadi ni ghali, ongeza kumi na sita kisha andika mara moja, ukitanguliza wmb(), kizuizi kinachohakikisha maandishi ya kwenye memori yametangulia.

Ukishaandika na hatua ya 6, utajua umefaulu ukiwasha kiunganishi na ping ya kwanza ikarudi, halafu ya 256, halafu ya 257. Hiyo ya 257 ndo ya muhimu, inathibitisha mduara umezunguka.

## Hatua ya 6: Pokea, lakini mbadala kwanza

Hii ndo roho ya mwongozo wote. Usipandishe paketi juu kabla hujashika mkononi bafa ya kuziba pengo lake.

Draiva yangu ya kwanza haikufanya hivyo. Ilikuwa ikichukua paketi, inaipandisha, halafu mwisho inajaribu kujaza. Tuliiweka kwenye ruta ndogo ya ofisi fulani, ikakaa wiki tatu, usiku mmoja kazi ya kuhifadhi nakala ikala memori yote kwa sekunde chache. Kila ombi la bafa likakataliwa, deskripta zikaisha moja moja mpaka sifuri. Memori ikarudi baada ya muda mfupi lakini mtandao haukurudi, kwa sababu kujaza kulikuwa kunafanywa ndani ya poll (funksheni ya draiva ya kuchukua paketi), poll inaamshwa na interapti, na kadi isiyo na bafa haipokei paketi kwa hiyo haitoi interapti ya paketi. Taa ya kebo inawaka kama kawaida, ping hamna. Ilibidi niende mwenyewe asubuhi, na watu walikuwa wameshindwa kufanya kazi tangu saa moja. Sijasahau.

Mpangilio sahihi ni huu (DD ni alama ya kadi kwamba imemaliza na deskripta):

```c
if (!(d->status & DD))
    break;
dma_rmb(); /* soma vingine baada ya DD tu */

mpya = page_pool_dev_alloc_pages(pool);
if (!mpya) {
    rx_alloc_failed++;
    tupa_mpaka_eop = true;      /* fremu hii imekufa */
    rudisha_peji_ileile(d); /* ringi haipungui */
} else {
    zamani = badilisha_peji(d, mpya);
    ...
}
```

Memori ikikosekana unapoteza paketi moja, na TCP itaituma tena. Ringi inabaki imejaa, kadi inaendelea kupokea, memori ikirudi mambo yanaendelea bila mtu kugusa.

Ile `tupa_mpaka_eop` usiione ndogo. Fremu kubwa imegawanyika vipande vitatu, mbadala ukikosekana kwenye kipande cha pili huwezi kupandisha cha kwanza na cha tatu kana kwamba hakuna kitu. Achia vilivyokwishakusanywa, endelea kurudisha peji mpaka ukutane na EOP, ndo uanze upya. Na hali hiyo iweke kwenye muundo wa ringi, siyo kwenye kigezo cha ndani ya funksheni, kwa sababu poll inaweza kuishia katikati ya fremu.

Kujenga skb kwa namna ya peji nzima: chukua skb ndogo kwa napi_alloc_skb, kopi heda kutoka peji ya kwanza, kinachobaki na peji zinazofuata ning'iniza kwa skb_add_rx_frag, weka skb_mark_for_recycle ili peji zirudi kwenye pool, kisha napi_gro_receive. Kabla ya kusoma peji usisahau dma_sync_single_for_cpu, kwenye x86 utasahau na itafanya kazi, ukipeleka kwenye ARM unaweza kusoma takataka.

## Hatua ya 7: Paketi ndogo kopi, kubwa ning'iniza

Paketi ya baiti 64 ukiiacha imekaa kwenye peji ya 4096, soketi inahesabiwa peji yote. Hesabu hiyo inaitwa truesize, na haiangalii data, inaangalia memori iliyoshikiliwa.

Soketi ya UDP kwa chaguo la kawaida la Linux ina baiti 212,992 za kupokelea. Kwa nusu peji kila paketi inahesabiwa 2304, pamoja na muundo wa skb wenyewe, zinaingia kama 92. Kwa peji nzima ni angalau 4352, haziingii zaidi ya kama 48. Kwa ule mtindo wa KB 32 hata ungefanikiwa kupata memori zingeingia kama 6 tu! Paketi sita za baiti 64 na soketi inasema imejaa, halafu mtu analalamika programu ya DNS inapoteza maswali.

Kwa hiyo weka mpaka: paketi yenye urefu mpaka baiti 256, ikopi yote ndani ya skb ndogo na peji irudi kwenye deskripta ileile papo hapo. Draiva ya e1000 ya Linux yenyewe inatumia 256 kama chaguo la kawaida. Kukopi baiti 256 hakuumi, data ilikuwa inaelekea kwenye keshi ya prosesa hata hivyo. Na paketi hizi hazihitaji peji mbadala, kwa hiyo memori ikiisha kabisa ACK (uthibitisho wa TCP) na ARP (za kutafuta anwani ya kadi) bado zina nafasi ya kupita.

Kupima, tuma UDP ndogo kwa fujo na soma `nstat -az UdpRcvbufErrors` kabla na baada ya kuweka mpaka.

## Hatua ya 8: Jaribu njia nzima, halafu inyime memori

Kwanza njia. Kutoka upande wa pili:

```
ping -M do -s 8972 <anwani>
```

8972 ni 9000 kutoa heda ya IP 20 na ya ICMP 8. `-M do` inakataza paketi kukatwa. Ikirudi, njia yote inabeba 9000. Ikikwama huku ya 1472 inapita, kuna kifaa katikati hakijapandishwa, usiguse draiva.

Sasa njaa:

```
cd /sys/kernel/debug/fail_page_alloc
echo 0  > min-order
echo -1 > times
echo 30 > probability
```

Angalia hiyo min-order. Kwa kawaida ni 1, yaani maombi ya peji moja hayaguswi kabisa, na draiva yetu inaomba peji moja tu. Nimeona watu wanajitangazia ushindi hapa bila kujua jaribio halijawagusa. Faili la ignore-gfp-wait liache kama lilivyo, linawalinda wanaoweza kusubiri na kuwabana wasioweza, ambao ndo sisi.

Endesha iperf3 kwa dakika kumi. Kasi itaanguka, rx_alloc_failed itapanda, hiyo ni sawa kabisa. Kisha `echo 0 > probability`. Kasi irudi yenyewe ndani ya sekunde chache bila kushusha na kupandisha kiunganishi. Isiporudi, rudi hatua ya 6, kuna mahali ringi inapungua.

Mwisho toa moduli kwa rmmod na usubiri kama dakika mbili ukitazama dmesg. Ukiona mstari wenye "stalled pool shutdown" na namba ya inflight, kuna peji hujazirudisha, na mara nyingi ni zile za fremu uliyoitupa katikati kabla ya EOP.